Kompyuta hatukuiona, tuliona dirisha

Katika Biblia ya Mama Mkubwa, kwenye Zaburi, kuna kadi ngumu yenye rangi ya chai ya maziwa ambayo kwa miaka mingi niliichukulia kuwa alama ya ukurasa tu. Imekatwa pembe moja ya juu. Imejaa vitundu vya mstatili, kana kwamba panya mwenye nidhamu aliitafuna kwa kufuata rula. Nyuma yake kuna maandishi ya kalamu ya bluu: sukari, sabuni ya mche, mafuta ya taa, viberiti.

Krismasi iliyopita nilipokwenda kumsalimia nikaichomoa, nikamuuliza ni ya nini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kinu ni cha kazi gani.

"Si kadi ya kompyuta hiyo? Nilikuwa napanchi kadi mimi, wewe hujazaliwa."

Nimekula mkate wa kompyuta zaidi ya miaka kumi. Mama Mkubwa huyo huyo nilimfundisha kutuma picha kwa WhatsApp, kwa ile sauti ya polepole tunayowatengea wazee, na siku ile hakusema kitu. Kumbe mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa mezani, katika ofisi moja ya Dar es Salaam nisiyoitaja, akiilisha mashine mishahara ya watu. Nikamwagia maswali. Ilikuwa aina gani? Kubwa kiasi gani? Memori yake je?

"Kompyuta yenyewe hatukuiona, mwanangu. Ilikuwa ndani huko kwenye baridi, na maopereta wake. Sisi tuliona dirisha."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za zile kompyuta kubwa za mwanzo, meinfremu, na kila nilikogusa nimelikuta dirisha lile. Darasani tulikaririshwa kwamba mfumo endeshi ni programu inayomrahisishia mtu matumizi ya mashine. Huenda ni kweli leo. Lakini ukiufuata mpaka ulikozaliwa, utakuta ulianza kama njia ya kumtoa mtu chumbani.

Tuanzie Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949 mashine iliyoitwa EDSAC, kazi ya Maurice Wilkes na wenzake, iliendesha programu yake ya kwanza. Ilikuwa na valvu kama 3,000, zile taa za kioo zilizokuwa kwenye redio za babu zetu, na programu zake zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Ukishatoboa utepe wako uliutundika kwenye kamba iliyofungwa karibu na kisomaji, kama nguo zinazoanikwa. Mchana opereta alichukua utepe uliofuata kwenye kamba, akauingiza, akauchomoa, akaufuata mwingine. Usiku, wachache wenye ruhusa walibaki na mashine peke yao mpaka valvu mojawapo iungue, hapo wakaenda kulala. Watu wale walizoea mno kiasi kwamba waliinua utepe kwenye mwanga na kuusoma kwa macho.

Ile kamba naipenda kuliko kitu chochote katika historia hii. Leo vitabu vinaiita foleni ya kazi na kuichorea michoro ya mishale. Ilikuwa kamba.

Marekani tatizo lilikuja na sura ya hela. Kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ya 701 mwaka 1952. Zilitengenezwa 19 tu, na aliyetaka kuitumia alikodi kwa maelfu ya dola kila mwezi. Ndani ya kampuni mtumiaji aliandikisha zamu kwenye daftari. Hebu mwone mhandisi mwenye robo saa yake. Anaingia na kadi zake mkononi, anafunga tepu za sumaku, anapanga nyaya za printa, anabonyeza. Mashine inasimama katikati. Anakodolea macho vitaa vya mbele, anaandika namba kwenye karatasi, anakuna kichwa. Mlangoni mwenzake ameshafika na kadi zake, anakohoa. Katika robo saa ile mashine yenyewe imefanya kazi kwa dakika mbili tatu. Zilizobaki ni za mtu kutembea, kufunga, kufungua na kuwaza.

Mashine zilipozidi kuwa na kasi aibu hiyo ilizidi, maana mwendo wa binadamu haukuongezeka. Mwaka 1956 Robert Patrick wa kituo cha utafiti cha General Motors na Owen Mock wa North American Aviation, kampuni ya ndege, walitengeneza kitu kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704 ambacho wengi wanakihesabu kuwa mfumo endeshi wa kwanza. Jina lake lilikuwa GM-NAA I/O, yaani herufi za kampuni zao mbili pamoja na kuingiza na kutoa. IBM, iliyouza mashine, haikuwa imefikiria. Waliolipa kodi ndio waliofikiria.

Wazo lenyewe utalicheka kwa udogo. Kabla ya hapo programu ikimaliza, mashine inasimama na kungoja mtu. Wao wakasema: kazi zote zipangwe kwenye tepu moja, na kila programu ikimaliza isisimamishe mashine, irudishe usukani kwa programu ndogo inayokaa kwenye memori muda wote. Hiyo inaita kazi inayofuata. Basi. Yule opereta wa Cambridge aliyekuwa akitoa utepe kambani sasa alikuwa ameandikwa kwa namba, akakaa ndani ya mashine. Hata neno letu la Kiswahili linamkumbuka: endeshi, mwendeshaji.

Na mwenye kadi? Huyo aliambiwa akabidhi dirishani, arudi kesho.

Mama Mkubwa aliniigizia. Mkono wa kushoto unafuata mistari ya fomu, wa kulia unacheza kwenye vitufe vya namba bila kutazamwa. Kadi moja ina safu wima 80 na mistari 12, na kila safu ni herufi moja au tarakimu moja. Tarakimu ni tundu moja. Herufi ni matundu mawili: la juu kabisa na la mstari wa 1 ni A, la juu kabisa na la mstari wa 2 ni B, na kuendelea. Kukosea hakufutiki, kwa sababu tundu halizibiki. Kadi inatupwa, unaanza nyingine. Kisha mwenzako anachukua kadi zako pamoja na fomu ile ile na kuzipiga upya kwenye mashine ya uhakiki, ambayo haitoboi, inapapasa tu. Akigonga 7 mahali ulipotoboa 4, inajifunga na kuwasha taa. "Na hapo," alisema, "ndipo urafiki unapojaribiwa."

Mafungu yaliyokamilika yalichorwa mstari wa mshazari kwa kalamu ya rangi, kutoka kadi ya kwanza mpaka ya mwisho, ubavuni. Nikauliza kwa nini. Akacheka sana. Siku moja tarishi alijikwaa ngazini na mishahara ya idara nzima. Kadi zilizokuwa na mstari zilirudishwa kwenye mpangilio kwa nusu saa, kwa kufuata mshazari tu. Zilizokuwa bado hazijachorwa ziliwalaza ofisini.

Kulikuwa pia na George. Mara nyingi opereta alichungulia dirishani akasema, "George kakataa, kadi ya tatu ina kosa." Mama Mkubwa alikaa miezi kadhaa akiamini kuna mzungu mmoja mkali huko ndani ambaye hatoki hata kwa chakula cha mchana. GEORGE ulikuwa mfumo endeshi wa kompyuta za mfululizo wa 1900 za ICT, kampuni ya Kiingereza, uliotungwa miaka ya 1960. Jina limeundwa kwa vipande vya maneno ya Kiingereza yenye maana ya mazingira ya jumla ya uratibu, na wala si bahati nasibu kwamba mmoja wa wakuu wa watunga programu wa kampuni hiyo aliitwa George Felton. Nilipomweleza alisema hata hivyo, alikuwa mzungu.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya foleni pia, na orodha ile nyuma ya kadi ni ushahidi. Aliyeishi nyakati zile anajua kwamba hukupanga foleni ya sukari kwa mwili wako. Uliweka jiwe, au kikapu, au tofali lenye alama, ukaenda kazini. Jiwe likasogea na wenzake. Meinfremu zilifanya vivyo hivyo. Kisomaji cha kadi kilikuwa cha polepole na printa ya polepole zaidi, kwa hiyo kompyuta ndogo kama IBM 1401, iliyotangazwa mwaka 1959, ilipewa kazi ya kuhamisha kadi kwenye tepu na tepu kwenye karatasi. Kompyuta kubwa haikukutana na kadi. Ilikutana na mawe tu, yaani tepu.

Bado kulikuwa na upotevu mwingine, huu wa ndani kabisa. Programu inaomba data kutoka kwenye tepu; tepu inazunguka; bongo la mashine linakaa bure. Nenda duka la mtaani umwangalie Mpemba anavyohudumia. Mteja wa kwanza ameanza kufungua pindo la khanga kutafuta pesa. Je, mwenye duka anamkodolea? Ameshampimia wa pili mchele, amempa wa tatu chumvi, na pindo likifunguka anarudi kwa wa kwanza. Kuweka programu kadhaa kwenye memori kwa pamoja na kuhama moja inaposubiri ndiyo hekima hiyo hiyo, ila inadai ulinzi: mteja wa pili asitie mkono kwenye kikapu cha wa kwanza. Kwa hiyo mashine yenyewe ikabidi itengenezwe ikiwa na kufuli za memori na saa ya kukatiza kazi.

Waliofika mbali mapema ni watu wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Kompyuta yao ya Atlas, iliyoongozwa na Tom Kilburn na kuzinduliwa tarehe 7 Desemba 1962, ilikuwa na msimamizi aliyehamisha vipande vya memori kati ya stoo ya haraka na ngoma ya sumaku iliyokuwa na nafasi kama mara sita yake. Programu ikadhani yote ni stoo moja. Simu yako inakudanganya hivyo hivyo sasa hivi.

Halafu IBM ikaamua kufanya jambo la kichaa. Ilikuwa ikiuza familia kadhaa za kompyuta zisizoelewana; mteja aliyekua na kuhitaji kubwa zaidi alilazimika kuandika programu zake zote upya. Tarehe 7 Aprili 1964 ikatangaza System/360: mashine ndogo mpaka kubwa, lugha moja ya ndani kwa zote. Mradi mzima unatajwa kugharimu dola bilioni 5, fedha ambayo ingeweza kuizamisha kampuni. Vyuma vilikuja. Mfumo endeshi wake, OS/360, haukuja.

Kiongozi wake alikuwa Fred Brooks. Katika kilele watu zaidi ya 1,000 waliufanyia kazi, wakiwemo makarani na makatibu muhtasi, na yeye mwenyewe alikadiria kwamba kati ya 1963 na 1966 mradi ulimeza kama miaka 5,000 ya kazi ya mtu mmoja. Kila ulipochelewa waliongezwa watu, na kila walipoongezwa watu ulichelewa zaidi, kwa sababu mgeni lazima afundishwe na yule aliyekuwa akiandika. Brooks alikuja kuligeuza funzo hilo kuwa kanuni inayobeba jina lake hadi leo. Mimi nimeiona ikivunjwa kazini na mabosi wanaoweza kuikariri.

OS/360 ulianza kutolewa mwaka 1966, mzito, wenye kasoro. Kwa wale wenye mashine ndogo ilibidi IBM itoe mfumo mwingine mwepesi, DOS/360, maana ule mkubwa usingewaenea. Na OS/360 ulikuja na lugha ya kuagizia kazi, JCL, ya mistari inayoanza na mikwaju miwili (//), ambayo Brooks mwenyewe aliiponda bila huruma miaka ya baadaye. Sababu ya ubaya wake ni dirisha. Mtu asiyekuwepo chumbani hawezi kuulizwa, kwa hiyo kila kitu lazima akiseme mapema kwenye karatasi: tepu gani, nafasi kiasi gani, ikishindikana ifanyweje. Koma moja ikikosewa, habari unaipata kesho. Wanaoicheka JCL wanasahau kwamba ni barua, si mazungumzo. Hata hivyo IBM nawavulia kofia: programu iliyotungwa kwa ajili ya System/360 miaka ile inaweza bado kuendeshwa kwenye meinfremu za IBM zinazouzwa leo.

Wakati huo chuoni MIT, Marekani, kulikuwa na watu waliochoshwa na dirisha. Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS mwezi Novemba 1961: watu kadhaa, kila mmoja na taipureta yake iliyounganishwa kwa waya, mashine ikimpa kila mmoja kipande cha sekunde kisha inahamia kwa mwingine, upesi kiasi kwamba kila mmoja anaamini yuko peke yake. Baadaye walitumia IBM 7094 iliyowekewa memori mbili, moja ya msimamizi na moja ya watumiaji. Mtu alikuwa amerudi chumbani, kwa waya.

Lakini watu wengi kwenye chumba kimoja wanahitaji makabati yenye kufuli. Ndipo nenosiri likaingia kwenye kompyuta, na wizi wake haukukawia. Allan Scherr, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa amepangiwa saa chache kwa wiki na utafiti wake ulitaka zaidi. Mwaka 1962 akagundua kwamba unaweza kuomba faili lolote lichapishwe kwa kuandika ombi kwenye kadi. Ijumaa usiku akaacha kadi yake. Jumamosi asubuhi akakuta kwenye kabati la machapisho orodha nzima ya nywila za wenzake, imepigwa chapa safi. Sijui kama mnaiona ninavyoiona: kufuli jipya la kwenye waya lilifunguliwa kwa kupitia dirisha la zamani.

Miaka michache baadaye kufuli lilijifungua lenyewe. Kihariri cha maandishi kilitumia faili la muda lenye jina moja lile lile, kwa sababu mtunzi wake hakutarajia watu wawili wahariri kwenye saraka moja, yaani folda moja, kwa wakati mmoja. Siku hiyo msimamizi mmoja alikuwa akiandika tangazo la siku, mwingine akirekebisha faili la nywila. Mafaili yakabadilishana. Kila aliyeingia kwenye mfumo akasalimiwa na nywila za watu wote. Corbató alisimulia kwamba ilikuwa Ijumaa saa 11 jioni, na yeye ndiye aliyebaki kubadilisha nywila moja moja.

Kilichofuata kinajulikana zaidi, nitakipita. Kutoka CTSS ulizaliwa Multics, mradi mkubwa wa MIT, General Electric na Bell Labs, maabara za utafiti za kampuni ya simu. Bell Labs ikajitoa mwaka 1969. Watu wake wawili, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wameonja mazungumzo na mashine na hawakutaka kurudi kwenye barua, wakaanza mfumo mdogo wa Unix. Android iliyo mfukoni mwako ni mjukuu wa ukoo huo.

Huku kwetu dirisha lilikaa muda mrefu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ICT 1500, mashine ya kampuni ya Kimarekani ya RCA iliyobandikwa jina la Kiingereza. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Wazee wa fani wanalilaumu katazo hilo kwa hasira, na mimi nimelirudia lawama hilo mara nyingi bila kuwafikiria waliokuwa ndani yake: mashine zilizokuwepo zikaendelea kulishwa, na waliozilisha, wengi wao wanawake, wakapitisha kadi dirishani miaka na miaka, wakifanya kazi ya kompyuta bila kuitwa watu wa kompyuta. Mama Mkubwa kwenye karatasi zake za pensheni ni karani.

Kabla sijaondoka nikamwomba anisomee ile kadi. Mashine yao haikuchapa herufi juu ya matundu, kwa hiyo nilishafungua jedwali kwenye simu nimsaidie. Hakuhitaji. Alivua miwani, akaiinua kadi kuelekea dirishani, jua likapita kwenye vitundu na kumdondokea usoni, na kidole chake kikaanza kutembea safu kwa safu, midomo ikicheza kimya. Kilifika katikati kikasimama.

"Huu mshahara wa mtu," alisema. "Siwezi kukusomea."

Nikamkumbusha kwamba imepita miaka arobaini.

"Ni mshahara wa mtu. Na tena una kosa, ndiyo maana nilirudi na kadi nyumbani." Akaigeuza upande wa pili, akaanza kunisomea: sukari, sabuni ya mche, mafuta ya taa.